Usiku Mmoja Juu ya Fungu

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama mbele ya semina ya wajumbe wa bodi, makatibu na watunza hazina wa vyama vya msingi)



Nilipoombwa kuzungumza nanyi juu ya utunzaji wa vitabu vya chama, nilitayarisha kwanza maneno ya kawaida ambayo wengi wenu mmekwisha kuyasikia kutoka kwangu, na baadhi yenu mmekwisha kuyasinzilia. Jana usiku niliyaweka kando maneno hayo. Nimeona afadhali nisimame mbele yenu nikiwa mkosaji kuliko mwalimu, niwasimulie safari yangu ya kwanza ya kulala baharini, jinsi nilivyoisababishia taabu kwa kiburi changu mwenyewe, na jinsi vitabu vya wanachama 186 vilivyolipia kiburi hicho. Chama chenyewe sitakitaja. Wanaokijua watakijua.

Ilikuwa mwishoni mwa Julai 2006. Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mkaguzi msaidizi, nimemaliza kidato cha nne na kozi ya cheti, na kalamu yangu nyekundu niliiona kuwa kubwa kuliko mimi mwenyewe. Mimi ni mtu wa bara, nilikozaliwa maji makubwa ni ya mto unaovukwa kwa miguu wakati wa kiangazi. Nilipelekwa kisiwani Mafia kukagua chama kimoja cha wakulima wa minazi na mikorosho. Kwenda nilikwenda mchana, bahari ikiwa shwari, nikajidanganya kwamba nimeijua.

Kazi ilinichukua siku tisa badala ya sita. Hesabu ya fedha taslimu haikuoana na daftari la fedha, na tofauti yenyewe ilikuwa ndogo mno, shilingi 4,350, lakini kijana mwenye kalamu nyekundu hawezi kuiacha shilingi 4,350 ikalala. Siku ya tisa ikawa siku ya kuondoka, maana posho yangu ilikuwa imekwisha na kesho yake asubuhi kulikuwa na lori la kunichukua kutoka Nyamisati, ng'ambo ya pili, katika delta ya Rufiji. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Kwa kuwa kazi haijaisha, niliamua kuvichukua vitabu vyote nikaimalizie ofisini: rejesta ya wanachama na hisa, leja, daftari la fedha, vitabu vya nakala za stakabadhi, na majalada ya hati za malipo. Katibu alinitazama kwa muda, kisha akauliza kwa adabu kama nitamwandikia orodha. Nikamjibu kwamba mimi ni mkaguzi. Ndugu Makatibu, jibu hilo halikuwa jibu la swali lake. Alipaswa kushikilia vitabu vyake mpaka nimeandika orodha, nikatia saini, naye akabaki na nakala. Lakini yule alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, nami nilikuwa nimetoka juu.

Sasa niwaeleze kidogo habari ya maji, kwa sababu wengine mmetoka mbali na pwani, na bila hilo hamtaelewa kosa la pili.

Chombo cha tanga katika mwambao ule hakiondoki kwa saa ya ukutani. Pwani ya Kilindoni maji yakipwa mchanga huachwa wazi mbali sana, na jahazi hulalia ubavu kama ng'ombe aliyechoka. Nako upande wa Rufiji midomo ya mto imezibwa-zibwa na mafungu ya mchanga na tope, na ndani yake ni mikoko mitupu yenye vijito vinavyopitika vizuri maji yakiwa yamejaa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake huwa maji mafu. Na katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Watu wa pwani hawahitaji kitabu kujua haya. Huhesabu siku za mwezi tu.

Mwezi ulikuwa umeandama jana yake. Kwa hiyo mpango wa nahodha ulikuwa wa akili sana: kuondoka maji yamejaa, kama saa kumi na nusu jioni, kulivuka eneo la mafungu kabla maji hayajapungua mno, kutia nanga katika kina karibu na mlango wa mto, kulala huko, kisha kuingia Nyamisati na maji yanayojaa alfajiri. Ndiyo sababu safari ilikuwa ya usiku. Mimi nilidhani wanasafiri usiku kwa kukwepa jua.

Saa kumi na nusu mimi nilikuwa bado ofisini kwa chama, nahesabu upya ile shilingi 4,350. Mtoto alitumwa kuniita mara mbili. Nilipofika ufukweni ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, na jahazi lilikwisha kusogezwa mbali ili lisiachwe mchangani. Tuliingia majini hadi kifuani, mchukuzi mmoja akiwa na begi la vitabu kichwani, nami nikimfuata nikipiga kelele asilowanishe. Abiria wengine wanane walikuwa wameketi chomboni tangu alasiri, wakinisubiri mimi. Hapakuwa na aliyenilaumu. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa miaka minne alinisogezea nafasi, akasema, "Karibu, mwanangu, pole na kazi."

Nahodha alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alitazama maji, akatazama anga, akaniambia, "Bwana mkaguzi, muda umetupita. Tulale hapa, tutoke kesho maji yakijaa."

Nilimwambia kwamba nina lori asubuhi, kwamba nimo katika kazi ya serikali, na kwamba kuchelewa kwangu kutahitaji maelezo ya maandishi. Sikumwamuru. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka kadhaa nilijitetea kwa neno hilo, kwamba sikumwamuru. Lakini mtu mwenye muhuri mfukoni hahitaji kuamuru. Alikaa kimya, akawaambia mabaharia wake watatu wapandishe foromali. Tangu siku hiyo, kila nikaguapo chama nikakuta malipo yasiyo na kibali cha kikao, na mtunza hazina akaniambia "Mwenyekiti hakuniamuru, alisema tu kwamba ana haraka", mimi humwelewa upesi kuliko anavyotazamia.

Mwanzo wa safari ulikuwa mzuri kupita kiasi. Kusi ilikuwa ikivuma ya kutosha, tanga limejaa, povu likinong'ona ubavuni. Nilikuwa nimekula wali wa nazi na samaki mpaka nikafungua mkanda. Msile hivyo. Mara tulipotoka nje ya kivuli cha kisiwa, mawimbi ya ubavuni yakaanza kulibembeleza jahazi, na tumbo langu likaanza kudai hesabu zake. Nililala chini nikiamini kulala chini ni dawa, kumbe huko chini ndiko kwenye harufu ya maji ya ngama, samaki wakavu na mbata. Baharia mmoja kijana akanivuta juu, akaniketisha upande wa tezi karibu na nahodha, akaniambia nitazame mbali kwenye weupe wa upeo uliosalia. Ikanisaidia kidogo, mpaka giza lilipoufuta upeo.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya jambo jingine ambalo nililiona ni la busara. Kwa kuwa marashi ya mawimbi yalikuwa yakiturukia, nililichukua begi la vitabu nikalishindilia chini kabisa, katikati ya magunia, mahali ambapo rasharasha haiwezi kufika. Hakuna aliyeniona. Mtu yeyote mle chomboni angeniambia kwamba huko ndiko maji yanakoanzia.

Baada ya saa mbili usiku upepo ulilegea. Maji yalikuwa yakipwa kwa nguvu, nasi hatujafika tulipotakiwa kuwa. Nahodha aliweka baharia mmoja omoni na bildi, akawa anaipima kina na kuitangaza kwa sauti: pima tatu, pima mbili na nusu, pima mbili. Nahodha akasema tutie nanga. Kabla neno halijamtoka vizuri, jahazi likatoa sauti kama mtu anayejikuna mgongo ukutani, likasimama. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Tulikuwa tumekaa juu ya fungu. Watu wa pwani husema tumepwelewa. Niliuliza tutafanya nini, nahodha akanijibu kwamba kwa sasa hatufanyi chochote, maji yana saa mbili nyingine za kwenda. Lakini si kweli kwamba hakufanya chochote, na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa maana katika muda ule mtulivu, ambao mimi niliutumia kutapika na kusikitikia lori, yeye alifanya mambo matatu yaliyotuokoa baadaye.

La kwanza, alituhamisha sote pamoja na magunia kadhaa upande wa demani, ili jahazi linapolala liegemee kaskazini na kuupa upepo wa kusi mgongo wake. Lingelala upande wa joshi, mawimbi ya kwanza yangeingia moja kwa moja. La pili, maji yalipofika magotini aliwatuma mabaharia wawili watembee juu ya fungu wakiwa wamebeba nanga begani, wakaipeleka upande wa kusini kwenye ukingo wa kina, wakaizamisha huko na kuirudisha kamba chomboni. La tatu, alikusanya madumu yote matupu ya lita 20, akayafunga vizuri vifuniko, akamfunga mtoto dumu moja kwa kanga ya mama yake, na mengine akayagawa kwa waliosema hawajui kuogelea. Mimi nilipewa moja. Maboya ya kuvaa hayakuwamo. Sikuuliza kabla ya kupanda kama yamo, ingawa shughuli yangu ni kuuliza kama vitu vimo.

Saa nne na nusu maji yalikuwa yamekwisha kupwa. Mchanga ulionekana kwa mwanga wa nyota, mweupe, mpana, na kila mahali bahari nyeusi. Tuliteremka tukatembea. Watu wawili walisali. Yule mama alimlaza mtoto juu ya jamvi mchangani kana kwamba yupo barazani kwake. Nilitoa simu yangu, ambayo nilikuwa nimeinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, nikainyanyua huku na huko kutafuta mtandao mpaka nahodha akacheka kwa mara ya kwanza. Niliwaza kwamba taabu imekwisha, kwamba sasa tutasubiri maji yatunyanyue. Hapana.

Maji yalianza kurudi. Baada ya saa tano na nusu upepo nao ukarudi, na mvua ya mchoo ndani yake, ile mvua fupi ya wakati wa kusi ambayo huja kama mtu aliyekasirishwa na jambo jingine. Chombo kinachoelea hupanda juu ya wimbi na kushuka nalo. Chombo kilichokaa mchangani hakipandi; wimbi hukipiga, hukinyanyua nusu, kisha hukibwaga. Kila pigo nililisikia katika meno yangu. Baada ya mapigo kama ishirini, baharia mmoja akapiga kelele kutoka chini kwamba kalafati imeachia kwenye mshono mmoja na maji yanaingia.

Tukaanza kufua maji: kwa ndoo mbili, kwa sufuria, kwa bakuli langu la kulia. Maji yaliingia kuliko yalivyotoka. Nahodha akasema lazima chombo kipunguzwe uzito ili kielee upesi, kwa maana kila dakika ya kugonga ilikuwa ikiongeza ufa. Mzigo uliokuwa juu na karibu ulikuwa nazi za yule mama, 1,200. Alimtazama tu. Mama akasema, "Tupa, baba." Tukazitupa, gunia baada ya gunia, nasi tukizisikia zikigongana gizani zinavyokwenda na maji. Hakulia. Alikuwa amemshika mtoto na dumu lake.

Karibu na saa saba usiku jahazi lilijinyoosha, likayumba, likaelea. Mabaharia na abiria wanaume wakaivuta kamba ya nanga kwa pamoja mpaka likatoka kwenye fungu na kufika kwenye kina. Kama ile nanga isingalipelekwa kule mapema, upepo ungalitusukuma juu zaidi ya fungu na tungaligonga hadi alfajiri, kama mbao zingalivumilia. Yule kijana baharia akajaza matambara kwenye ule mshono. Ndipo alipouingiza mkono katika maji ya ngama kutafuta kilichoziba ndoo, akatoa begi langu. Lilikuwa limelowa kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai.

Tulifika Nyamisati kunapambazuka. Sikulikuta lori. Dereva alikuwa ameharibikiwa njiani, akafika saa tisa alasiri.

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijaendelea na vitabu niseme lililotokea pale ufukweni, kwa maana sijapata kuona kikao cha ushirika kilichoendeshwa vizuri kuliko kile, nacho hakikuwa na ajenda wala kumbukumbu. Nahodha alituketisha wote chini ya mti, akasema kwamba nazi za mama zimetupwa kwa ajili ya wote, kwa hiyo zitalipwa na wote wenye mali iliyosalimika. Kila mtu akataja mali yake na bei yake, na wengine wakakubali au wakapinga. Mwenye mbata akasema shilingi 240,000. Mwenye ng'onda 150,000. Mwenye mikeka 60,000. Nazi za mama 90,000. Mimi nilikuwa pembeni nikikamua makaratasi. Nahodha akaniita, "Na wewe, bwana mkaguzi, vitabu vyako ni vya shilingi ngapi?"

Nikasema vitabu vya chama havina bei. Akasema, "Basi mzigo wako ndio mkubwa kuliko yote, nasi hatukujua." Watu wakacheka. Baada ya kujadiliana vikakadiriwa kuwa shilingi 60,000, na nadhani walinihurumia. Jumla ikawa 600,000, hasara 90,000, yaani 15 kwa mia. Mwenye mbata akatoa 36,000, mwenye ng'onda 22,500, mwenye mikeka 9,000, nami 9,000 ambazo nililazimika kukopa kwa mwenye mbata. Mama naye alihesabiwa hasara yake ya 15 kwa mia, 13,500, akapokea 76,500. Hata aliyetupiwa hubeba sehemu yake, ili asiwe bora kuliko wale ambao mali zao zilisalia. Kwa kanuni hii chombo nacho huchangia. Nahodha alitoa mchango wake kwa kutochukua nauli ya mtu yeyote wala ya mzigo wowote.

Nilimuuliza amejifunza wapi hesabu hiyo. Akasema baba yake alikuwa akifanya hivyo. Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba kanuni hiyo imo katika sheria za Warumi zilizokusanywa kwa amri ya Justinian mwaka 533, nao Warumi waliitaja kuwa sheria ya watu wa kisiwa cha Rhodes. Makampuni ya meli na bima duniani yanaitumia hata leo. Sisi wenye vyama, tunaposoma katika masharti yetu jinsi ya kugawana hasara ya mwaka, aghalabu huruka kifungu hicho na kukimbilia kile cha kugawana ziada.

Sasa vitabu. Nilifanya kosa la mwisho pale pale ufukweni: nilivifungua kwa nguvu vikiwa vimelowa, nikavianika juani juu ya mchanga, mawe juu ya kurasa. Kurasa nyingi zikachanika, nyingine zikakakamaa na kugandamana. Aidha chumvi ilibaki ndani ya karatasi, na chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo ofisini vitabu vililoa tena kila mvua iliponyesha. Nilikuja kuelezwa baadaye na mtu wa makumbusho ya nyaraka namna inavyopasa. Kitabu kilicholowa maji ya bahari huoshwa taratibu kwa maji baridi yasiyo na chumvi kikiwa kimefungwa, kisha hukaushwa kivulini penye upepo, kwa kutiwa karatasi kavu za kunyonya maji kati ya kurasa chache chache na kuzibadilisha mara kwa mara. Haraka haifai, na jua halifai. Yeyote ambaye ofisi ya chama chake ina paa linalovuja, na nazijua ofisi hizo kwa majina, na aandike haya.

Nilijifunza pia habari ya wino. Maandishi ya kalamu ya biro yalisomeka karibu yote, kwa maana wino wake ni wa mafuta na haupatani na maji. Nakala za kaboni katika vitabu vya stakabadhi zilisalimika hata zile zilizokuwa chini kabisa. Lakini kurasa za kwanza za rejesta, zilizoandikwa na katibu wa zamani kwa wino wa chupa na mwandiko mzuri sana, zilikuwa zimeondoka. Karatasi ilikuwa ya buluu hafifu, kama anga. Na mihuri yote ilikuwa mawingu ya zambarau.

Nilirudi kisiwani wiki iliyofuata, mchana, nikiwa na barua ya kukiri kosa ambayo ofisi yangu iliniagiza niisome mwenyewe mbele ya mkutano wa wanachama. Niliisoma. Mzee mmoja akauliza kwa nini vitabu vya chama vilikuwa baharini. Sikuwa na jibu isipokuwa lile la kwanza, kwamba mimi ni mkaguzi, nalo sikulitumia tena.

Kazi ya kuijenga upya rejesta ilichukua wiki saba. Tuliwaita wanachama mmoja mmoja na vitabu vyao vya uanachama na stakabadhi zao, tukazilinganisha na nakala za kaboni, na zile ambazo hazikuonekana tukazitafuta katika slipu za benki na taarifa za ukaguzi za miaka ya nyuma ambazo nakala zake zilikuwa bara. Nilishangazwa na mahali watu wanapoweka karatasi. Mmoja alileta stakabadhi za miaka kumi na tisa ndani ya chupa ya chai iliyovunjika kioo, zote safi. Mwingine alizishonea ndani ya mto. Wengine, na hawa walikuwa viongozi zaidi kuliko wanachama wa kawaida, hawakuwa na karatasi hata moja, kwa maana waliamini kwamba kila kitu kimo kitabuni. Katika wanachama 186, hesabu za 171 zilithibitishwa kwa maandishi. Zile 15 zilizobaki tulizifikisha mbele ya mkutano mkuu, ushahidi ukatolewa, 14 zikamalizika kwa masikilizano.

Tangu hapo yametokea mengi baharini. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi. MV Skagit ikazama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katika majira yale yale ya kusi. Katika ajali ya kwanza hata idadi ya waliokuwamo ilikuwa ya mabishano, kwa sababu orodha ya abiria haikulingana na watu. Niliposikia hivyo nilikumbuka kwamba jina langu halikuandikwa popote katika lile jahazi. Laiti tungalizama, ofisi ingalidhani nimetoroka na vitabu.

Siku hizi wengi hutoka Nyamisati hadi Kilindoni kwa chombo cha injini, na vyama vingi vinaingiza hesabu zao katika kompyuta. Hilo ni jema. Hata hivyo juzi tu nilimkuta katibu mmoja aliyeweka hesabu zote za chama katika kompyuta moja ndogo, anakwenda nayo nyumbani kwa pikipiki kila jioni, mvua na jua. Nilimuuliza nakala iko wapi. Akaniambia yeye ndiye katibu. Nilikaa kimya kidogo, kisha nikaomba karatasi, nikamsaidia kuandika orodha.

Nilisema hesabu 14 kati ya zile 15 zilimalizika. Ya kumi na tano ilikuwa ya mjane. Mumewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi, akanunua hisa zake miaka ya mwanzo, kwa hiyo ziliandikwa katika zile kurasa za wino wa chupa. Stakabadhi zake ziliungua na nyumba ya makuti miaka mingi kabla. Katika rejesta lilibaki jina la mume, na mbele yake mkia wa tarakimu moja tu. Mjane alisema hisa zilikuwa 20. Wazee wawili walioitwa kushuhudia walisema wanakumbuka 12, yamkini zaidi, hawana hakika. Hisa moja wakati huo ilikuwa shilingi 2,000. Mkutano ulijadili kwa saa nzima, na watu walikuwa na nia njema, lakini bila karatasi mkutano hauwezi kuandika zaidi ya ushahidi uliopo.

Alipokuja kutia dole gumba aliniuliza kwa upole, "Kwa hiyo, mwanangu, bahari imechukua nane?"

Nikamwambia si bahari.

Katika rejesta ziliandikwa 12. Kitabu hicho kipo hadi leo, na kando ya mstari ule ipo saini yangu, kwa biro.